Anayekuja na tablet, naye aulizwe karatasi zake

Mtu akifika Misisi ao Lubichako na permis ya Kinshasa mfukoni, habari inamtangulia njiani. Kabla hajashuka kwenye pikipiki, wachimbaji wamekwisha kujua jina la kampuni, carré ngapi, na mkubwa gani kule juu anayeisimamia. Tulijifunza hivyo kwa maumivu. Lakini mtu akifika na tablet mkononi, na tisheti ya mradi, na maneno matamu ya «numérique», tunamletea kiti. Anaandika majina yetu, anapiga picha karte ya mchimbaji, anatia alama ya shimo kwa GPS, anasema sasa koperative imeingia kwenye mfumo. Hakuna anayemuuliza: papa, hiyo programu ni ya nani? Iko na masharti gani? Siku mutakapoondoka, sisi tutabaki na nini?

Sisi tunaoandika haya tunatengeneza masimu na mashini hapa Baraka, na ndugu zetu wako mashimoni. Tumeona pande zote mbili. Ndiyo maana tunasema: programu nayo iko na wenye permis, na permis hizo zinauzwa na kununuliwa kwa mikataba ya mbali, sawasawa na milima yetu. Nani asiyejua habari ya Akyanga, pale karibu na Misisi? Wachimbaji walikuwa wanapiga mawe, na kwenye karatasi mlima ulikuwa wa Casa Mining. Kisha Casa Mining ikawa chini ya Ortac Resources, kampuni ya soko la London, ambayo baadaye ilibadili jina ikaitwa Arc Minerals. Mlima haukutembea hata hatua moja. Wenye mlima ndio walikuwa wanatembea.

Tuanze na neno lenyewe. Ng'ambo ya ziwa, kule Kigoma, wenye kuandika vitabu wanasema hataza. Sisi huku tunasema breve, na si ile breve anayopewa kijana akimaliza mafunzo ya ushonaji. Hii nyingine ni karatasi ambayo serikali inampa aliyevumbua kitu, ikisema: kwa miaka 20, mtu mwengine asitumie uvumbuzi huu bila ruhusa yako.

Mchimbaji hawezi kukosa kuelewa jambo hili, maana breve na permis ni mtu na ndugu yake. Code minier inasema kilicho chini ya udongo ni cha Leta. Leta inagawa nchi katika carré na kumpa anayeomba kwa kufuata sheria. Permis d'exploitation inadumu miaka 25, na inaweza kuongezwa. Wewe uliyezaliwa juu ya mlima ule, ambaye babu yako amezikwa pale, unaamka asubuhi unaambiwa umevamia.

Lakini iko tofauti moja, na hiyo ndiyo inafanya breve ya programu kuwa mbaya kuliko permis. Dhahabu ukiitoa wewe, mimi siwezi kuitoa tena. Wazo haliko hivyo. Nikijua namna ya haraka ya kupanga majina ya wachimbaji elfu moja katika listi, na wewe ukaijua, hakuna aliyepungukiwa na kitu. Tena breve haishiki programu ambayo mtu ameandika. Inashika namna ya kufanya. Sheria ya haki za mwandishi, ile wanaita droit d'auteur, inasema usinakili kitabu changu. Hiyo tunaikubali, ni haki yake. Breve inakwenda mbali zaidi. Inasema hata kama hujawahi kukiona kitabu changu, hata kama umefikiri mwenyewe usiku kucha kwa mwangaza wa tochi, ukifika kwenye njia yangu utalipa. Fikirini mtu wa mbali angepewa karatasi, si juu ya shimo lake, bali juu ya kuosha mchanga kwa karai na maji. Mama zetu wote walioko mtoni wangekuwa wezi kwa asubuhi moja.

Na programu moja, hata ile ndogo ya kuhesabu gramu na kugawa pesa kati ya PDG wa shimo na timu yake, ndani yake iko na njia nyingi sana za namna hiyo. Mwenye kuiandika hawezi kujua anakanyaga carré ya nani. Hakuna borne, hakuna kibao, na karatasi zenyewe zimeandikwa kwa lugha ambayo hata mainjinia wanaikimbia. Kampuni kubwa inaweza kulipa mawakili miaka 10. Kijana wa Baraka ao wa Nairobi akipata barua moja tu ya wakili, anafunga mlango.

Wanaoumia kwanza ni watu wa programu huru, logiciel libre. Huru hapa haina maana ya bure, ijapokuwa mara nyingi ni bure. Maana yake ni kwamba maandishi ya programu yako wazi: unaweza kuyasoma, kuyabadili, kumpa jirani, hata kuuza. Richard Stallman, Mmarekani, alianza kazi hiyo mwaka 1983 kwa mradi wa GNU, na mwaka 1989 ikatoka leseni ya GPL, yenye sharti moja kubwa: ukigawa ulichobadili, ukigawe kwa uhuru uleule uliopewa. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki kule Finland, akaleta kiini cha mfumo ambacho tunakiita Linux. Ni salongo, lakini si ile ya Mobutu ya kulazimishwa. Maelfu ya watu wanaleta kila mtu jiwe lake. Tecno ao Itel yenye Android iliyoko mfukoni mwako, chini kabisa inatembea juu ya Linux.

Wengi wetu tunaangalia filamu kwa VLC, ile yenye alama ya koni ya barabara ya rangi ya machungwa. Ilianzishwa na wanafunzi wa École Centrale karibu na Paris, ikafunguliwa kwa watu wote mwaka 2001. Iliweza kukua vizuri kule Ufaransa kwa sababu mkataba wa Ulaya wa breve, wa mwaka 1973, unasema programu yenyewe tu haihesabiwi kuwa uvumbuzi. Wakubwa walijaribu kubadilisha mambo. Tarehe 6 Julai 2005 Bunge la Ulaya likapiga kura juu ya sheria ambayo watu wa programu huru waliona itafungua mlango: 648 wakaikataa, 14 wakaikubali. Kusema kweli, ofisi ya breve ya Ulaya bado inapitisha nyingi kwa dirisha. Lakini mlango mkubwa haukufunguliwa, na waliouzuia hawakuwa matajiri.

Marekani mlango ulikuwa wazi, na matokeo yake yalifika mpaka sokoni kwetu. Kijana anayetia nyimbo kwenye karte memwari, franga kidogo kwa karte nzima, hajui kwamba namna ya nyimbo zile, MP3, ilikuwa na breve. Taasisi ya Fraunhofer ya Ujerumani ilikuwa inatoza leseni zake mpaka mwaka 2017, muda wa breve ulipokwisha. Kwa miaka mingi Fedora, mojawapo ya mifumo huru mikubwa, haikuthubutu kucheza wimbo wa MP3 ikitoka mikononi mwa watengenezaji wake. Si kwamba hawakujua kuandika programu. Walijua sana. Waliogopa mahakama. Na karte memwari yenyewe, namna inavyopanga majina marefu ya mafaili, nayo ilikuwa na breve za Microsoft. Mwaka 2009 Microsoft ikashitaki TomTom, kampuni ya mashini za kuonyesha barabara iliyotumia Linux. Haikufika hukumu. TomTom ikalipa, wakaelewana.

Halafu Android. Microsoft haikuiandika, lakini ilizunguka kwa watengenezaji wa simu mmoja mmoja na mafungu yake ya breve, ikawapa mkataba wa kutia sinyatiri. HTC ikatia mwaka 2010, Samsung mwaka 2011. Baadaye wakagombana, na karatasi za mahakama za mwaka 2014 zikaonyesha kwamba Samsung ilikuwa imelipa zaidi ya dola bilioni 1 kwa mwaka mmoja. Pesa ile haikuanguka kutoka mbinguni. Iliingia katika hesabu ya bei ya simu. Ndani ya simu iko dhahabu kidogo, iko tantale inayotoka kwenye coltan. Aliyeitoa chini ya udongo alilipwa kwa gramu na kwa kilo, mara moja, na mnunuzi akamlalia kwenye mizani. Mwenye breve analipwa kwa kila simu.

Lakini mkataba ambao tunataka kila kamati ya koperative iujue ni ule wa tarehe 2 Novemba 2006, kati ya Microsoft na Novell.

Novell ilikuwa kampuni ya Marekani iliyonunua SUSE, mojawapo ya mifumo ya Linux ya zamani, iliyozaliwa Ujerumani. Ilikuwa inauza kazi ambayo sehemu kubwa haikuandikwa na yeye. Iliandikwa na salongo ile yote. Siku ile ikatangaza kwamba imeelewana na Microsoft. Microsoft ikatoa dola milioni 240 kwa kununua vocha za SUSE, na milioni 108 kwa hesabu ya breve. Novell nayo ikakubali kulipa si chini ya milioni 40 kwa miaka 5. Na kila mmoja akaahidi hatashitaki wateja wa mwenzake.

Soma sentensi ile ya mwisho mara mbili. Hatashitaki wateja wa Novell. Na wengine je? Wa Red Hat, wa Debian, mwanafunzi wa Bukavu aliyeweka Linux kwenye mashini yake ya zamani? Hao hawakutajwa. Wiki mbili hazikupita, Steve Ballmer, mkubwa wa Microsoft wakati ule, akasema hadharani kwamba Linux inatumia mali yao. Mei 2007 wakasema hesabu: programu huru zinakanyaga breve zao 235. Wakaulizwa ni zipi. Wakakataa kuzitaja.

Huo si mchezo mgeni Fizi. Kampuni inafika kwenye groupement, inamwita notable mmoja pembeni, inampa kitu, anatia sinyatiri. Kesho yake inasema: wa mtaa ule wako sawa na sisi, wamekubali kwamba mlima ni wetu, ninyi wengine ndio wakorofi. Pesa aliyopewa yule mmoja siyo bei ya mlima. Ni bei ya ushahidi wake. Novell ilijitetea kwamba haikukubali hata siku moja kuwa Linux inakanyaga breve za mtu, na kwenye karatasi ni kweli. Lakini jambo lilikuwa limekwisha kufanyika: mtu wa ndani ya nyumba alikuwa amelipia amani, kwa hiyo aliye nje akaonekana mwenye deni.

Waandishi wa programu walikasirika. Jeremy Allison, mmoja wa wakubwa wa programu ya Samba, aliacha kazi yake Novell Desemba ileile. Wengine waliandika barua, wengine walitukana, kama kawaida. Kilichobaki ni kazi ya wanasheria wao: tarehe 29 Juni 2007 ikatoka GPL ya tatu, na ndani yake kifungu kinachokataza mikataba mipya ya namna ile. Anayegawa programu hawezi tena kununua amani ya wateja wake peke yake na kuacha wenzake mvuani. Ni maneno machache katika karatasi ndefu. Tungependa mtu ayatafsiri kwa lugha ya cahier des charges zetu: kampuni isiweze kuelewana na mtaa mmoja juu ya mlima wa mitaa sita.

Novell yenyewe haikudumu. Mwaka 2011 iliuzwa kwa Attachmate kwa dola bilioni 2,2, na breve 882 zilitengwa kando ili ziuzwe kwa dola milioni 450 kwa kundi la makampuni manne: Microsoft, Apple, Oracle na EMC. Yaani karatasi za yule aliyesema anailinda Linux zilikuwa njiani kwenda mikononi mwa waliokuwa wanaitisha. Wizara ya sheria ya Marekani ikaingilia kati na kuweka masharti ili breve zile zisigeuzwe silaha ya kupiga programu huru. Bahati. Sisi huku, serikali yetu ikichelewa, bahati ya namna hiyo hatuna.

Wako watakaotuambia: habari hiyo ni ya zamani, Microsoft imebadilika. Ni kweli imebadilika. Oktoba 2018 iliingia katika Open Invention Network, chama kilichoundwa mwaka 2005 ambamo wanachama wanaahidi kutoshitakiana juu ya Linux, na ikaleta breve zaidi ya 60.000. Mwaka uleule ikanunua GitHub, ghala ambamo waandishi wengi sana wa programu huru wanaweka kazi yao, kwa dola bilioni 7,5. Mwaka uliofuata IBM ikanunua Red Hat kwa bilioni 34. Hatusemi ni vibaya. Tunasema tu kwamba adui hakutubu. Biashara yake ilihama: sasa anapata pesa kwa kukodisha mashini zake za mbali, na mashini hizo zinatembea juu ya Linux. Anayebadilika kwa hesabu anaweza kubadilika tena, hesabu ikigeuka.

Sasa turudi kwenye tablet.

Januari 2019 IBM, pamoja na Ford, LG Chem, Huayou Cobalt na RCS Global, walitangaza majaribio ya kufuata cobalt ya Congo kutoka mgodini hadi kwenye gari, kwa mfumo wa blockchain. Chini yake iko Hyperledger Fabric, programu huru iliyoko chini ya Linux Foundation. Munaona jambo hilo? Msingi ni huru, kila mtu anaweza kuusoma. Nyumba iliyojengwa juu yake ni ya makampuni, na funguo wanashika wao. Kwa hiyo mtu akiwaambia koperative kwamba «mfumo wetu ni open source», musimalize maswali hapo. Muulize sehemu gani.

Ndugu zetu wa cassiterite na coltan wanajua tayari habari ya etiketi za ITSCI. Kwa miaka mingi wachimbaji wamelalamika kwamba gharama ya kufuatilia mawe inaanzia kwa msafirishaji, inashuka, inashuka, hadi inafika kwenye bei anayolipwa mwenye nyundo. Ikiwa dhahabu ya Fizi nayo itaingia katika mfumo wa namna hiyo, na siku moja itaingia, kuna gharama ya pili ambayo haionekani: leseni ya programu. Mfumo ukiwa wa mtu mmoja, akipandisha bei hakuna pa kwenda. Historia ya mashimo yote, kilo, majina, tarehe, iko ndani ya mashini yake. Kutoka ni kuanza upya kama koperative iliyozaliwa jana.

Tumekwisha kuliona jambo kama hilo kwenye pesa. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, ikafika kwetu kupitia Vodacom Novemba 2012. Jina ni la Kiswahili, na mazoea yaliyoikuza ni ya Wakenya: kutuma pesa kwa mama kijijini. Lakini jina na mfumo vilikuwa mali ya Vodafone ya Uingereza, na Safaricom ilikuwa inailipa Vodafone kwa kuvitumia. Ilifika Aprili 2020 ndipo Safaricom na Vodacom wakavinunua. Na usisahau kwamba mwenye sehemu kubwa ya Vodacom ni Vodafone hiyohiyo.

Ng'ambo ya ziwa wamejaribu njia nyingine. Benki Kuu ya Tanzania imejenga TIPS, mfumo unaoruhusu pesa kutoka mtandao mmoja kwenda mwengine, na chini yake iko Mojaloop, programu huru iliyotolewa mwaka 2017 kwa msaada wa Gates Foundation. Hata jina lake limechukua neno letu «moja». Leseni yake ni Apache, na ndani ya leseni hiyo iko sharti la breve ambalo linafaa kujulikana: aliyechangia maandishi ametoa pia ruhusa ya breve zake zinazohusu mchango ule, na akigeuka kushitaki watu kwa breve juu ya programu hiyo, ruhusa aliyopewa yeye inakatika. Si maajabu. Mtoza ushuru atabaki mtoza ushuru. Lakini siku Benki ya Tanzania itakapogombana na mtengenezaji, inaweza kumwita mwengine na kazi ikaendelea.

Na kwa kuandika wachimbaji, hatuna lazima ya kungoja kampuni. Watu wa ONG hapa Baraka wanatumia kila siku KoboToolbox, ambayo ni programu huru. Ilitokea kwa watu wa Harvard Humanitarian Initiative, waliokuwa wanauliza wananchi maswali juu ya vita na haki kaskazini mwa Uganda na hapa mashariki mwa Congo. Kobo kwa Kiacholi ni kuhamisha. Vumbi la njia zetu limo ndani ya programu hiyo. Kijana aliyemaliza sekondari anaifundishwa kwa muda mfupi.

Tunajua jibu la mzee mmoja mmoja: barabara ya RN5 imekufa, umeme hakuna, bunduki zinalia, na ninyi vijana munatuletea habari ya breve. Tumesikia. Lakini permis nazo ziligawanywa Kinshasa wakati huku tulikuwa tunakimbia. Hawakungoja vita viishe ndipo wachore carré. Anayechora ramani anapenda sana wakati ambao wenyeji wako mbioni.

Tena kwa sasa sheria ya dunia haitubani, na hilo wabunge wetu walishike. Congo iko ndani ya OMC tangu 1 Januari 1997, lakini kama nchi maskini haijalazimishwa kutekeleza sehemu kubwa ya masharti ya mkataba wake wa mali ya akili, yale ya breve yakiwemo, mpaka 1 Julai 2034. Sheria yetu ya breve ni ya tarehe 7 Januari 1982, na siku moja itaandikwa upya. Tangu mwaka 2022 tuko pia ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambako sheria zinatafutwa kulinganishwa. Mbunge wa Fizi atakapoona karatasi ya namna hiyo mezani, atafute neno «programmes d'ordinateur» na aangalie kama limewekwa upande wa yanayokatazwa ao upande wa yanayoruhusiwa. Asidanganywe kwamba bila breve hakuna atakayeandika programu. VLC iliandikwa. Linux iliandikwa. Na anayetaka kulipwa anaweza kuuza kazi yake: kufundisha, kutengeneza, kulinda mashini. Sisi wenyewe tunakula kwa kazi hiyo.

Kwa upande wa koperative tunaomba jambo dogo zaidi. Kabla ya rais wa koperative kutia sinyatiri kwa mtu wa tablet, mkataba usomwe kwa Kiswahili mbele ya wanachama, na mama wa kutwanga mawe wawepo, maana majina yao nayo yanaandikwa. Uwe na mstari unaotaja leseni ya programu kwa jina lake, si neno «ouvert» tu. Uwe na mstari unaosema kwamba nakala kamili ya majina, kilo na tarehe inaletwa kwa koperative kila mwezi, katika faili ambalo mashini yoyote inaweza kufungua, na kwamba siku mradi unakwisha nakala ile inabaki. Na uwe na mstari unaosema nani atalipa ikiwa mtu wa mbali atakuja kudai breve: mwenye programu, si mchimbaji. Mwenye tablet akikataa mistari hiyo, apewe maji, apumzike, kisha arudi alikotoka na orodha yake ikiwa tupu.